UZI: Sheria za Uingereza za uvuvi wa nyangumi, na kitu zilichokuwa zikihesabu

#1 Mzee wa Bandari

Wakuu, salaam. Kuna eneo la historia ambalo sijaona likijadiliwa hapa jamvini: jinsi Uingereza ilivyoiwekea sheria biashara ya nyangumi, tangu enzi za hati za kifalme hadi kampuni yao ya mwisho ilipofunga kazi mwaka 1963. Nimelisoma kwa muda, linanigusa, na nimeona tulifungulie uzi. Nitaleta kwa vipande. Mwenye swali aulize hapo hapo, asisubiri mwisho.

Niweke hoja yangu mezani mapema ili mpate cha kupinga. Habari hii husimuliwa kama ya sheria iliyochelewa: watu waliua nyangumi ovyo, halafu siku moja serikali ikaamka. Mimi sikubaliani. Sheria zilikuwepo muda wote, nyingi na zenye vipengele vya kina mno. Ila kila zama Bunge lilichagua kitu cha kuhesabu: tani za meli, idadi ya mabaharia, mafuta yanayofika bandarini. Wavuvi wakakimbilia hicho hicho kinachohesabiwa. Nyangumi mwenyewe aliingia kwenye daftari akiwa amebaki mchache.

Tuanzie mbali kidogo. Sheria ya zama za Mfalme Edward wa Pili, inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1324, ilisema nyangumi akipatikana baharini au popote ndani ya ufalme ni mali ya mfalme. Huko Scotland desturi ilimwachia mfalme wale wakubwa tu, ambao gari la kukokotwa na ng'ombe sita haliwezi kuwatoa majini. Siku hizi kipimo ni futi 25. Mwaka 1971 Bunge lilifuta haki nyingi za kale za kifalme juu ya wanyama pori, lakini hii ikabakizwa.

Uvuvi wenyewe ulianza kwa ukiritimba. Malkia Elizabeth wa Kwanza aliipa kampuni ya Muscovy, iliyokuwa ikifanya biashara na Urusi, haki ya kuvua nyangumi mwaka 1577. Meli za kwanza kwenda Spitsbergen, kisiwa cha Aktiki, kwa kazi hiyo ziliondoka mwaka 1611, zikiwa na Wabaski ndani, kwa sababu Waingereza hawakuijua kazi. Wabaski ndio waliokuwa mafundi wa Ulaya. Mwaka 1613 Mfalme James alitoa hati mpya ya kuwazuia wengine wote, na msimu huo huo meli za Kiingereza zenye mizinga ziliwafukuza Waholanzi na wengineo kwenye ghuba za kule. Yaani sheria iliyoandikwa London ilitekelezwa kwa baruti kwenye kisiwa ambacho hakikuwa chao.

Ukiritimba haukuzaa matunda. Kampuni ya Greenland iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1693, ikala mtaji wake wote. Kisha ikaja kampuni ya South Sea, ile ile iliyokwisha kuangusha soko la hisa la London mwaka 1720. Mwaka 1725 ikatuma meli 12, zikarudi na nyangumi wapatao 25. Ikavumilia misimu minane, ikaacha ikiwa na hasara ya zaidi ya pauni 170,000. Waholanzi wakati huo walikuwa wanavua na kupata faida, bila hati ya mfalme yeyote.

Hapo ndipo Bunge lilipobadilisha mbinu. Naleta.

#2 Kijana wa Ukerewe

Mkuu, nafuatilia. Naomba kuuliza kabla hujaendelea: haya mafuta yalikuwa ya nini hasa? Maana kupeleka meli kwenye barafu kwa ajili ya mafuta inahitaji sababu nzito.

#3 Mzee wa Bandari

Swali zuri, kijana wangu. Taa kwanza. Mitaa ya London iliwashwa kwa mafuta hayo kabla ya taa za gesi, ambazo zilianza kuenea baada ya 1812. Halafu sabuni, kusafisha sufi viwandani, kulainisha ngozi na mitambo. Juu ya mafuta kulikuwa na vile vibamba virefu vya mdomoni ambavyo nyangumi huchujia chakula. Vinapinda bila kuvunjika, vikatumika kwenye nguo za ndani za wanawake, miavuli na mijeledi. Kuna misimu vibamba vililipa kuliko mafuta.

Na kuna sababu ya tatu, ambayo kwa Bunge ilikuwa ya kwanza: mabaharia. Uingereza ilikuwa vitani karibu kila muongo. Mtu aliyezoea kamba, makasia na barafu ya Aktiki ni mtu ambaye jeshi la majini linamtaka.

Sasa ruzuku. Mwaka 1733 Bunge lilitoa shilingi 20 kwa kila tani ya meli, kwa meli ya tani 200 na zaidi itakayokwenda Greenland. Mwaka 1740, wakati wa vita, zikawa shilingi 30. Mwaka 1749 zikafika 40, yaani pauni mbili kwa tani. Tazameni kilichohesabiwa: tani za meli. Meli ya tani 300 ilipata pauni 600 hata ikirudi mikono mitupu. Mwaka 1749 meli zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kufikia 1756 zilikuwa 83, England na Scotland pamoja.

Serikali haikuwa imelala, ilijua watu watadanganya, ndiyo maana sheria ikajaa masharti. Hebu simameni nami bandarini Hull au Whitby mwanzoni mwa Aprili, chini ya sheria ya 1786. Ofisa wa ushuru anapanda melini. Kwa meli ya tani 200 anahesabu kamba 40, kila moja pima 120. Anahesabu vyuma vya chusa 40. Anahesabu mashua nne, kila moja na watu saba wasiopungua, na miongoni mwao lazima awepo mpiga chusa, mwongoza mashua na mwangalizi wa kamba. Nje ya hao, nahodha na tabibu. Chakula cha miezi sita. Meli ikizidi tani hizo, kwa kila tani 50 inaongeza mashua na watu wake, kamba 10 na vyuma 10. Kisha mwenye meli na nahodha wanaapa kwamba nia yao ni kuvua nyangumi na si shughuli nyingine. Meli iwe imeondoka kufikia tarehe 10 Aprili na isirudi kabla ya tarehe 10 Agosti, isipokuwa imepata shehena ya kutosha. Ikirudi, wanaapa tena, daftari la safari mkononi.

Pia ilitakiwa kubeba vijana wanagenzi kulingana na tani zake. Na wapiga chusa, waangalizi wa kamba na waongoza mashua walipewa kinga: makundi ya jeshi la majini yaliyokuwa yakikamata wanaume bandarini hayakuruhusiwa kuwagusa. Baharia wa wakati ule aliithamini karatasi hiyo kuliko mshahara.

Katika kurasa zote hizo mnyama hatajwi kwa namna ya kumlinda, si kwa ukubwa wake, si kwa jinsia, wala kama ana ndama.

#4 Wakili wa Mtaa wa Pili

Mzee, umeandika vizuri, ila mimi kama mwanasheria nina la kuongeza. Unazungumzia sheria za Bunge peke yake. Kwenye maji yenyewe, sheria iliyowagusa wavuvi kila siku ilikuwa ya desturi, na mahakama za Kiingereza ziliiheshimu hata pale ilipopishana na sheria ya kawaida ya nchi.

Swali ni hili: nyangumi amepigwa chusa na mashua ya kwanza, akakimbia, akauawa na ya pili. Wa nani? Desturi ya Greenland, iliyothibitishwa kwenye kesi ya Littledale na Scaith mwaka 1788, ilikuwa wazi: maadamu kamba imeunganisha nyangumi na mashua ya kwanza, ni wake. Kamba ikikatika au chusa likichomoka, ni wa atakayemshika. Hakuna kubishania nani alijeruhi zaidi. Ni kanuni kali, lakini inaweza kuamuliwa kwa macho, katikati ya ukungu, na watu wenye visu mikononi. Ndiyo nguvu yake.

Kwenye Pasifiki mambo yakawa tofauti. Kule walivua wale wenye kichwa kikubwa, wanaozama kina kirefu na kwa muda mrefu, kiasi kwamba kamba haitoshi. Wavuvi wakawa wanafunga ubao au kielea kwenye kamba na kuuachia, nyangumi aburuze hadi achoke. Kesi ya Fennings na Lord Grenville, 1808, ilihusu desturi ya visiwa vya Galapagos: aliyepiga kwa kielea na aliyemaliza kazi wanagawana nusu kwa nusu.

Kisha 1862 kesi ikafika hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa: Aberdeen Arctic Company dhidi ya Sutter. Wainuiti walioajiriwa na upande mmoja, kule Cumberland Inlet, Aktiki ya Kanada, walimpiga nyangumi kwa chusa lililofungwa ngozi ya sili iliyojazwa hewa, ambayo ni mbinu yao ya tangu na tangu. Nyangumi akatoroka, upande wa pili ukamkamata. Mahakama ikaamua kwamba kanuni ya Greenland inatawala hadi huko: hakukuwa na kamba iliyoshikwa mkononi, basi nyangumi huyo alikuwa huru. Hapa nadhani mahakama ilikosea kwa haki hata kama haikukosea kwa kanuni. Mbinu ya wenyeji wa maji yale iliwekwa chini ya desturi ya wageni, ndani ya chumba kilichoko London.

#5 Nahodha Pangani

Wakili umenigusa. Sisi wavuvi tunajua ugomvi wa samaki aliyepigwa na wawili, huwa unavunja undugu. Hii ya kamba naiona ni ya haki zaidi kuliko ya kugawana, kwa sababu ya kugawana inataka mashahidi.

Ila mzee, swali langu: hawa Waingereza walikuja huku kwetu? Maana nyangumi tunawaona, na wazee walikuwa wakiokota ambari, ile ya manukato.

#6 Mzee wa Bandari

Wakili, asante, umejaza pengo ambalo nililiruka.

Nahodha, ambari ni kweli. Al-Masudi aliyeandika katika karne ya 10 aliitaja ambari ya pwani ya Zanj kuwa miongoni mwa iliyo bora, na inatoka kwa nyangumi huyo huyo mwenye kichwa kikubwa aliyetajwa na Wakili.

Kuhusu kuja huku, sheria iliwazuia kwanza. Bahari ya Hindi yote, kuanzia mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, ilikuwa chini ya hati ya kampuni ya East India, na upande wa pili wa Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, bado kampuni ya South Sea ilikuwa na haki zake za zamani. Mwingereza mwenye meli ya nyangumi hakuruhusiwa kuingia kwenye bahari hizo bila leseni, hata kama kampuni zenyewe hazivui nyangumi hata mmoja. Familia ya Enderby ya London ilisumbua serikali miaka mingi kwa sababu hiyo. Kuanzia 1786 Bunge likawa linasogeza mipaka hiyo kidogo kidogo, sheria baada ya sheria. Meli yao Emilia ilizunguka Cape Horn, ikarudi London mwaka 1790 na mafuta ya nyangumi wa Pasifiki, na nyingine zikafuata njia.

Katika bahari za kusini ruzuku ilitolewa kwa kipimo tofauti. Kuanzia miaka ya 1770 zawadi zilikwenda kwa meli tano zitakazoleta mafuta mengi zaidi, pauni 500 kwa ya kwanza na kushuka hadi 100. Waliohesabiwa tani za meli walikwenda Greenland na kurudi kila mwaka. Waliohesabiwa mafuta walikaa baharini miaka miwili, mitatu, wakifuata mnyama popote alipo.

Waliokuja Zanzibar kwa wingi ni Wamarekani. Mkataba wa biashara kati yao na Sayyid Said ni wa 1833, na meli zao za nyangumi zilitia nanga Unguja kuchukua maji na vyakula. Wamarekani hao nao wanaingia kwenye habari yetu: walikuwa wakiiuzia London mafuta kabla ya uhuru wao. Walipojitenga, London iliwatoza ushuru wa pauni zaidi ya 18 kwa kila pipa kubwa, nao wavuvi wa Nantucket, kisiwa chao cha nyangumi, wakakwama. Baadhi yao walihamia Milford Haven huko Wales, chini ya bendera ya Uingereza, ili mafuta yao yapite. Ushuru ulihamisha familia nzima kuvuka Atlantiki.

#7 Dada Mchumi

Mzee, mimi nataka kujua gharama. Ruzuku ya miaka tisini hivi ilizaa nini? Hapa kwetu bado tunabishana kuhusu ruzuku za mbolea na mafuta, na hoja ni zile zile.

#8 Mzee wa Bandari

Dada, swali lako liliulizwa Bungeni mwaka 1786. Jenkinson, aliyekuja kuitwa Lord Liverpool, alisimama na hesabu: tangu 1733 England ilikuwa imelipa takriban pauni 1,265,000, na kila baharia aliyekuwa kwenye uvuvi huo aliigharimu serikali pauni 13 na shilingi 10 kwa mwaka. Akapendekeza ruzuku ishuke kutoka shilingi 40 hadi 30, ikapita. Adam Smith alikuwa ameshaandika miaka kumi nyuma, kuhusu uvuvi wa samaki wadogo wa heringi, kwamba meli nyingi zinakwenda kuvua ruzuku badala ya samaki. Baadaye ikashushwa tena, 25 mwaka 1792, 20 mwaka 1795, na mwaka 1824 ikafutwa.

Kwa upande wa haki, niseme kwamba ruzuku ilifundisha kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1780 meli zaidi ya 200 zilikuwa zinakwenda kaskazini, na Waholanzi walikuwa wamepitwa. Ila maji ya Greenland yalikuwa yamemalizwa, wavuvi wakasogea Davis Strait na Baffin Bay, magharibi ya Greenland, kwenye barafu mbaya zaidi. Mwaka 1830 peke yake meli 19 za Uingereza zilivunjwavunjwa na barafu huko Melville Bay.

Katika miaka ya 1840 ushuru wa kuzuia mafuta ya nje ukapunguzwa sana, na uvuvi wa kusini wa Waingereza ukafa kabla ya 1860. Dundee pekee iliendelea kwa nguvu, kwa sababu viwanda vyake vya juti vilihitaji mafuta ya nyangumi kulainisha nyuzi zilizotoka Bengal.

#9 Mzee wa Bandari

Sasa sehemu ninayoiona nzito kuliko zote.

Svend Foyn wa Norwei alitengeneza mzinga wa chusa lenye bomu, ukawekwa kwenye boti la mvuke. Kabla ya hapo nyangumi wa buluu na wa pezi walikuwa salama kwa sababu wana mbio na wakifa wanazama. Baada yake hakuna aliyekuwa salama. Wavuvi wa samaki wa Finnmark, kaskazini mwa Norwei, waliwachukia wenye vituo vya nyangumi hadi wakakibomoa kimoja huko Mehamn mwaka 1903, na Norwei ikapiga marufuku uvuvi huo pale mwaka uliofuata. Wenye kampuni walishahamia Shetland na Hebrides, ndani ya Uingereza.

Wavuvi wa heringi wa Shetland wakalia vile vile. Waliamini nyangumi huwasukuma heringi kuelekea pwani, na vituo vilichafua maji. Bunge likapitisha sheria ya uvuvi wa nyangumi ya Scotland mwaka 1907, na ya Ireland mwaka 1908: leseni, na marufuku ya kuua karibu na pwani. Ni sheria ya kwanza kwao iliyosema simama hapa. Ila aliyelindwa ni mvuvi wa heringi na ufukwe wake.

Huko kusini, nahodha wa Norwei Carl Anton Larsen alijenga kituo cha Grytviken, kwenye kisiwa cha South Georgia karibu na Antaktika, mwaka 1904, kwa mtaji wa Argentina. Uingereza ilidai kisiwa ni chake. Gavana wa Falkland akaanza kutoza kodi ya pango na leseni, na mwaka 1909 akapelekwa hakimu kuishi pale. Masharti yalikuwa ya maana: idadi ya boti ina kikomo, mama mwenye ndama asiuawe, mzoga wote utumike badala ya kuchuna shahamu na kuuacha uoze. Sidney Harmer wa makumbusho ya viumbe hai ya London alikuwa akipiga kelele kwamba nyangumi wa nundu wanaisha. Wizara ya Makoloni ikamtuma mtaalamu, Barrett-Hamilton, kwenda kuhesabu na kuchunguza. Alifika South Georgia mwishoni mwa 1913, akafia huko huko Januari 1914 kazi ikiwa haijaisha.

Miezi michache baadaye vita vikaanza. Mafuta ya nyangumi yanatoa gliserini, gliserini inatoa baruti ya mizinga. Masharti yakalegezwa.

Baada ya vita serikali ilifanya jambo ninalolipongeza kwa dhati: ikatoza ushuru kwa kila pipa la mafuta la kule, na fedha hizo zikalipia utafiti. Meli Discovery ikaondoka 1925. Watafiti walikaa kwenye sakafu za kuchunia, ndani ya damu na mvuke, wakipima kila mzoga, wakikagua mifuko ya uzazi na matumbo. Mengi yanayojulikana leo kuhusu uzazi wa nyangumi wa buluu yalianzia pale.

Lakini mwaka huo huo wa 1925, meli ya Norwei Lancing ilifika ikiwa na mteremko uliokatwa nyuma yake, wa kumvutia nyangumi mzima hadi juu ya sitaha. Maana yake haihitaji bandari. Haihitaji bandari, haihitaji leseni ya gavana. Ilikuwa pale kwenye bahari isiyo ya mtu. Msimu wa 1930 hadi 1931 kulikuwa na meli-kiwanda 41 Antaktika, yaani meli zinazochakata nyangumi humo humo, wakaua nyangumi zaidi ya 40,000, wa buluu peke yao zaidi ya 29,000. Mafuta yakafurika hadi bei ikaanguka, na msimu uliofuata Wanorwei karibu wote walibaki nyumbani.

#10 Wakili wa Mtaa wa Pili

Mzee, hapo ndipo inakuja sheria ya Uingereza ya 1934, sivyo? Ile ya kutekeleza mkataba wa Geneva wa 1931. Ninaikumbuka kwa kipengele cha malipo ya wapiga mizinga.

#11 Mzee wa Bandari

Ndiyo hiyo, Wakili. Na kipengele hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mpiga mzinga alikuwa analipwa kwa kichwa, kwa hiyo aliua yeyote aliyemkuta mbele, mkubwa kwa mdogo. Sheria ikasema malipo yasitegemee idadi peke yake, yazingatie ukubwa, aina na mafuta. Pia ilikataza kuua ndama, na mama mwenye ndama, na ikawalinda kabisa wale wazito waendao polepole ambao mababu zao walimalizwa Greenland. Ikazuia uvuvi kwenye maji ya pwani ya Uingereza. Kila nyangumi aandikwe: tarehe, mahali, aina, jinsia, urefu. Kwa mara ya kwanza mnyama akawa na mstari wake kwenye daftari.

Lakini Japani na Ujerumani hazikuwa ndani ya mkataba. Mkataba wa London wa 1937 ukaongeza msimu, kuanzia 8 Desemba hadi 7 Machi, na urefu wa chini, futi 70 kwa nyangumi wa buluu. Nyangumi wa buluu wa futi 70 bado wengi wao hawajazaa.

#12 Binti Kongwa

Wakuu, nimefuata uzi huu tangu asubuhi kimya kimya. Mimi ni wa Kongwa. Babu zetu walituhadithia habari za matrekta ya karanga. Nilisoma mahali kwamba karanga zile zililetwa kwa ajili ya uhaba wa mafuta ya kula Uingereza. Je, kuna uhusiano na haya ya nyangumi?

#13 Mzee wa Bandari

Binti, upo, tena wa moja kwa moja, na nimefurahi umeuliza. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 wakemia waliweza kuyagandisha mafuta ya nyangumi na kuondoa harufu yake. Yakaingia kwenye siagi ya viwandani, na Unilever, kampuni ya sabuni na siagi hiyo, ikawa mnunuzi mkubwa duniani. Vita vya Pili vilipoisha, Uingereza ilikuwa na mgao wa mafuta ya kula. Wizara ya Chakula ikatafuta mafuta kila upande kwa wakati mmoja. Upande wa bahari, meli-kiwanda Balaena ikajengwa Belfast na kwenda Antaktika msimu wa 1946. Upande wa nchi kavu, wazo la ofisa wa kampuni tanzu ya Unilever likazaa mpango wa karanga wa Tanganyika mwaka 1947: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Udongo wa Kongwa ukikauka ni mgumu kama saruji, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukafutwa na takriban pauni milioni 36 zikapotea.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba mahitaji haya ndiyo yaliyokuwa mezani wakati mkataba mkuu wa kimataifa wa nyangumi ukiandikwa Washington, 1946. Nchi hazikuweza kukataa mafuta. Kwa hiyo ikawekwa idadi moja ya Antaktika nzima, vipimo 16,000 kwa msimu, na kipimo kimoja ni nyangumi mmoja wa buluu, au wawili wa pezi, au wawili na nusu wa nundu, au sita wa sei.

Fikirieni hesabu hiyo inamwambia nini nahodha. Vipimo havikugawanywa kwa nchi wala kwa meli, kwa hiyo ni mbio: anayewahi anapata. Na kwa kuwa wa buluu mmoja ni kipimo kizima kwa kazi ya kumfukuza mmoja, atamtafuta huyo kwanza, hata kama ndiye aliyebaki mchache kuliko wote. Walipokwisha, wakahamia wa pezi, kisha sei. Daftari lilionyesha mwaka hadi mwaka kwamba idadi imetimia, sheria imeheshimiwa.

#14 Dada Mchumi

Hapa nakupinga kidogo, mzee. Unasema kana kwamba kipimo ndicho kilichoua. Hata kipimo bora, bila wa kukisimamia kwenye bahari kuu, kingevunjwa. Wasovieti walidanganya takwimu zao kwa miaka mingi, na hilo lilithibitishwa na wanasayansi wao wenyewe baada ya dola hiyo kuanguka. Hao hawakufuata kipimo chochote.

#15 Mzee wa Bandari

Dada, upo sahihi kuhusu Wasovieti na nalikubali lote. Lakini Uingereza ilikuwa na mkaguzi kwenye kila meli-kiwanda yake. Salvesen wa Leith, kampuni ya nyangumi ya Scotland, walikuwa na meli-kiwanda Southern Harvester na Southern Venturer, vitabu vyao vimenyooka kwa kiasi kikubwa, na bado nyangumi waliisha chini ya macho ya mkaguzi. Balaena iliuzwa Japani mwaka 1960. Salvesen wakaacha mwaka 1963. South Georgia peke yake, kuanzia 1904 hadi 1965, ilichakata nyangumi 175,250. Wengi wao waliuawa kwa leseni halali. Ndiyo maana nang'ang'ania kipimo.

#16 Nahodha Pangani

Na leo sheria yao inasemaje? Na sisi tupo wapi?

#17 Mzee wa Bandari

Uingereza ilizuia kuingiza nyama na mafuta ya nyangumi wengi mwaka 1973, na sheria ya uvuvi ya 1981 ikapanua marufuku ya kuvua hadi ukomo wa maji yao ya uvuvi. Mwaka 1982 tume ya kimataifa ya nyangumi, ikiwa imekutana Brighton, ilipiga kura 25 kwa 7 kusimamisha uvuvi wa biashara. Uingereza iliunga mkono, ikiwa haina tena meli ya kupoteza.

Sisi: Shelisheli, nchi ndogo kabisa, ndiyo iliyopendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi, ikakubaliwa 1979. Kenya ilijiunga na tume mwaka 1981, Tanzania mwaka 2008.

#18 Wakili wa Mtaa wa Pili

Niongeze mpaka wake, Nahodha, maana unawahusu hao unaowaona. Hifadhi ya 1979 inashuka kusini hadi nyuzi 55. Chini ya hapo, kwenye malisho yao, hapakuwa na hifadhi kwa miaka 15, hadi ile ya Bahari ya Kusini ilipopitishwa 1994. Nyangumi wa nundu wanaopita Watamu kuanzia Julai hadi Septemba na ndama wao hutoka kusini huko, kwa hiyo sasa safari nzima, kwenda na kurudi, imo ndani ya hifadhi hizo mbili.